Sita au tisa? Sikio hupokea vipande, akili hutunga neno

Masika moja ya miaka ya karibuni, paa la nyumba ya mama mkwe wangu kule Mombasa lilianza kuvuja. Akanipigia simu niko Morogoro. Tukaamkiana, akauliza hali ya watoto, kisha akanisomea namba ya fundi aliyesifiwa na majirani, ili mimi ndiye nizungumze naye habari ya bei. Nikaandika tarakimu moja moja, nikamrudishia zote kwa sauti, akasema, "Ndizo hizo, mwanangu." Nikapiga. Akapokea mwanamke, akanieleza kwa upole kwamba hapo hapana fundi. Nikapiga tena nikidhani nimebonyeza vibaya; akapokea yuleyule. Siku ya tatu kijana wa jirani yake alinitumia namba kwa maandishi, ndipo nilipoona: tarakimu ya mwisho ilikuwa tisa, nami nimeandika sita.

Kosa la kwanza nalielewa. La pili ndilo lililonikaa moyoni. Nilipomrudishia "sita", yeye alisikia "tisa" na akaitikia. Watu wawili waangalifu, kila mmoja katika chumba kimya, tumekubaliana kabisa huku kila mmoja ana namba yake. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu jinsi binadamu anavyoyasikia maneno. Nimegundua kwamba wengi wetu tunalifikiria jambo hili kama habari ya ndoo: msemaji anamimina, sikio linapokea, na kilichomwagika ni uzembe wa mmoja wao. Mambo hayaendi hivyo hata kidogo.

Chukua hizo tarakimu mbili uzitamke polepole. Si-ta. Ti-sa. Zote zina silabi mbili. Zote zina irabu i kisha a. Mkazo wa zote uko kwenye silabi ya kwanza. Konsonanti zake ni zilezile, s na t, zimebadilishana nafasi tu. Sasa zipitishe kwenye simu. Kwa miongo mingi simu ya kawaida imepitisha sauti za masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ya kati ya hezi 300 na 3,400, basi. Irabu hupita vizuri hapo, kwa kuwa nguvu yake iko kwenye masafa ya chini. Lakini s ni mkwaruzo wa hewa kwenye meno, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 4,000, nje kabisa ya mlango huo. Na t ni nini? Ni kimya kifupi, ulimi umeziba njia, kisha mlipuko mdogo unaokwisha kabla hujahesabu. Kinachofika upande wa pili ni i na a zikiwa nzima, pamoja na mabaki ya konsonanti mbili. Ndiyo maana watu wakitaja majina kwenye simu husema "F ya Fatuma, S ya Salima". Hawajasomea masafa, lakini wamekwisha kujua kwamba f na s haziaminiki humo.

Nililosoma baadaye likanishangaza kidogo: kwa kawaida tarakimu ni katika maneno rahisi zaidi kusikika kwenye kelele. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller na wenzake waliwasikilizisha watu maneno yaliyofunikwa na mvumo, wakaona kwamba neno lililo ndani ya sentensi husikika kuliko neno lililo peke yake, na tarakimu husikika katika kelele ambayo maneno mengine yamekwisha kuzama. Sababu ni kwamba msikilizaji wa tarakimu anachagua katika kumi tu. Ukisikia "-ne" ya mbali, ama ni nne au nane, kwisha. Kwetu sisi uchaguzi huo unasaidia mpaka ufike kwenye sita na tisa. Hapo hakuna sentensi ya kukuongoza wala maana ya kukusahihisha. Akili inabaki na i-a, na inachagua ile inayoitarajia. Mama mkwe alikuwa anasoma tisa kwenye karatasi, kwa hiyo tisa ndiyo aliyoisikia.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kila mara tunaposikia neno, sikio limeleta vipande, na akili imetunga kilichobaki kwa kutumia inachokijua. Tofauti ni kwamba mara nyingi inatunga sawasawa, kwa hiyo hatugundui kama kuna kazi iliyofanyika.

Kimya hakiko tunakodhani

Maandishi yametudanganya. Tumezoea kuona maneno yametenganishwa kwa nafasi, tukaamini kwamba na sauti ziko hivyo. Rekodi sauti ya mtu akisema "kitabu hiki", kisha uitazame kwenye programu inayochora mawimbi. Utaona pengo kabla ya t, ndani ya neno "kitabu". Utaona pengo jingine kabla ya k ya mwisho, ndani ya "hiki". Kati ya "kitabu" na "hiki", mahali unapopaona wazi kwenye karatasi, hapana pengo lolote. U inatiririka moja kwa moja kwenye h. Kimya kiko ndani ya maneno, na kwenye mipaka hakuna kitu. Anayesikia lugha ngeni huwa anasema watu wale wanaongea haraka mno, maneno yameshikana. Hata yetu yameshikana. Tunayakata wenyewe.

Tunayakataje? Kila lugha ina visu vyake. Waingereza, kama walivyoonyesha Anne Cutler na Dennis Norris mwaka 1988, huichukua silabi yenye nguvu kuwa mwanzo wa neno jipya, kwa kuwa maneno mengi ya lugha yao huanza hivyo. Kiswahili kina kisu kizuri zaidi: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache. Ukiusikia mkazo, unajua imebaki silabi moja neno liishe. Sema "wana sheria", yaani wanayo sheria, kisha sema "wanasheria". Sauti ni zilezile kwa mpangilio uleule. Lakini la kwanza lina mapigo mawili, WA-na she-RI-a, na la pili lina pigo moja kubwa. Mtoto wa shule ya msingi hawezi kukueleza kanuni hiyo, lakini hatakosea nani ana sheria na nani ni mwanasheria. Na kwa barabara ya kupita magari na jambo lililofanyika barabara, hatuna kingine cha kutusaidia ila mkazo huohuo.

Tatizo la mipaka ni dogo mbele ya tatizo la sauti zenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinaelekea ukingoni, maabara ya Marekani iitwayo Haskins Laboratories ilianza kutafuta mashine ya kuwasomea vitabu wanajeshi waliopofuka. Wazo lilikuwa rahisi: kila herufi ipewe mlio wake, mashine ipite juu ya mstari, msikilizaji ajifunze milio kama alfabeti. Alvin Liberman na wenzake walijaribu kila aina ya mlio. Haikufaa. Milio ikienda kwa kasi ya maongezi, sikio linaipokea kama mvumo mmoja, na ikipunguzwa mpaka iweze kutofautishwa, msikilizaji anakuwa amesahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Swali likageuka: kama sikio haliwezi kufuata milio kwa kasi hiyo, linawezaje kufuata maneno, ambayo kila sekunde hutoa sauti kumi na zaidi?

Mwenzao Franklin Cooper alitengeneza mashine iliyogeuza picha za sauti kuwa sauti, wakaanza kuchora matamshi kwa brashi na kuyasikiliza. Hapo ndipo walipokuta ajabu. D ya "di" na d ya "du" si sauti moja. Katika "di" sehemu muhimu ya masafa hupanda, katika "du" hushuka. Sisi tunasikia d ileile. Wakiikata irabu wakabaki na kile kipande kinachobeba d, hakisikiki kama d kabisa, kinasikika kama mluzi wa ndege.

Unaweza kulishuhudia jambo hili mbele ya kioo. Jiandae kusema "susu" lakini usitoe sauti, tazama midomo. Imekwisha kuwa mviringo kabla s haijatoka. Jiandae kusema "sisi": midomo imetanuka. Maana yake s inabeba habari za irabu inayokuja, na irabu inabeba mabaki ya s. Tunapenda kufikiri kwamba neno ni shanga zilizotungwa, unaweza kuzihesabu moja baada ya nyingine. Kwa kweli neno ni tui. Maji na nazi vimekwisha kukamuliwa pamoja, na hakuna mahali pa kuonyesha kidole ukasema hapa maji yameishia. Msikilizaji ndiye anayevirudisha vikawa viwili, na anafanya hivyo bila kuchoka kutwa nzima.

Anayesikia hangoji

Ingekuwa tunangoja neno limalizike ndipo tulitambue, mazungumzo yangekuwa ya kuvutana. Mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza William Marslen-Wilson alieleza habari za watu walioweza kusikiliza matini na kuyarudia palepale kwa sauti, wakichelewa nyuma ya msemaji kwa robo tu ya sekunde, yaani silabi moja au mbili. Nao walikuwa wanaelewa: walipokosea, makosa yao yaliafikiana na sentensi. Kwa hiyo walikuwa wameanza kulitamka neno kabla hawajasikia mwisho wake.

Fikiria mtu anaanza kusema "mwana...". Kichwani mwako wamesimama wengi kwa pamoja: mwanamke, mwanamume, mwanajeshi, mwanafunzi, mwanasheria. Anaongeza f. Karibu wote wanaketi, wamebaki mwanafunzi, mwanafalsafa na wachache wengine. Anaongeza u. Amebaki mwanafunzi, na "-nzi" inakuja kama muhuri wa jambo ambalo limekwisha kuamuliwa.

Kisha kuna sarufi, na hapa niseme wazi kwamba naipenda lugha yangu. Wanafunzi wengi hulalamika kuhusu ngeli: kwa nini tuseme kiti kile kikubwa cha mbao kimevunjika, ki juu ya ki, wakati kingetosha kimoja? Wageni wanaojifunza Kiswahili hulalamika zaidi. Lakini simama jikoni, maji yanachemka, redio inaongea, lori linapita nje, na mtu anauliza: "Kile ... cha kukatia nyama kiko wapi?" Neno lenyewe limemezwa na lori. Umelisikia hata hivyo: kisu. "Kile" ilikwisha kuliondoa panga na jembe, "cha" ikathibitisha, "kiko" ikathibitisha tena. Anayesema "nimemwona" amekwambia kabla hajamaliza kwamba ni mtu au kiumbe mwenye uhai. "Nimeliona" imefungua mlango mwingine kabisa. Upatanisho wa kisarufi ni zawadi kwa msikilizaji. Habari moja imewekwa mahali patatu au panne ili kelele zikila pamoja, pengine pabaki.

Kubashiri huku kunaonekana hata kwenye ubongo. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard waliwasomesha watu sentensi zilizoisha kwa neno lisilofaa, kama vile mtu kusema amekunywa chai kwa msumari. Umeme wa ubongo ulibadilika ghafla kiasi cha milisekunde 400 baada ya neno hilo kutokea. Na uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2009 na kundi la Tanya Stivers, ulipima maongezi ya kawaida katika lugha kumi za mabara mbalimbali, mojawapo ya Namibia. Kutoka swali kuisha mpaka jibu kuanza palikuwa na wastani wa milisekunde 200 hivi. Muda huo hautoshi hata kuandaa neno moja la kutamka. Anayejibu huwa ameanza kujiandaa swali likiwa bado kinywani mwa mwenzake.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Richard Warren, mwaka 1970. Alirekodi sentensi ya Kiingereza kuhusu magavana na mabunge, akaikata s moja katikati ya neno, akaiondoa kabisa, na mahali pake akaweka kikohozi. Akawasikilizisha watu ishirini na kuwauliza kama kuna sauti yoyote iliyokosekana. Kumi na tisa walisema hakuna. Mmoja alisema ipo, akataja sauti ambayo haikukosekana. Walijua kuna kikohozi, lakini hawakuweza kusema kimeingia wapi hasa. Ilhali pengo likiachwa kimya tupu, watu hulitambua mara moja. Yaani akili ikipewa kisingizio, kikohozi, honi, mlango uliobamizwa, inajaza. Na ikishajaza, hujui kwamba imejaza. Wale kumi na tisa hawakukisia ile s. Waliisikia.

Macho nayo yanasikia. Harry McGurk na John MacDonald walionyesha mwaka 1976 kwamba ukimwona mtu kwenye filamu midomo yake ikisema "ga" huku sauti iliyowekwa ni "ba", watu wengi husikia "da", ambayo haikusemwa na yeyote. Fumba macho, inarudi kuwa "ba". Fumbua, "da". Kujua siri yake hakusaidii. Tulipovaa barakoa wakati wa korona, wengi tuligundua kwamba tulikuwa tukisoma midomo miaka yote bila kujua. Na ndiyo sababu nyingine ya habari yangu ya fundi: tungekuwa tumekaa barazani, ningemwona mama mkwe akianza kwa ulimi kuziba au kwa meno kukaribiana. Simu ilinichukulia mkwaruzo wa s, ikanichukulia na uso.

Paa na paa

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mvita, naye ana masikio ambayo mimi sina. Kwangu mimi, paa la nyumba na paa wa porini ni neno moja lenye maana mbili. Kwake ni maneno mawili. Yule mnyama humtamka kwa mpumuo, hewa inatoka baada ya p. La nyumba halina mpumuo huo. Vivyo hivyo kaa wa baharini ana mpumuo na kaa la moto halina. Amewahi kunitamkia mara nyingi, kwa subira, na nikiweka kiganja mbele ya kinywa chake naihisi ile hewa. Katika maongezi ya kasi sisikii kitu. Yeye hashangai kwamba siwezi kutamka. Anashangaa kwamba sisikii, kwa kuwa kwake tofauti hiyo iko wazi kama sisi tunavyoiona ya "pata" na "bata".

Hakuna aliyezaliwa na masikio yake au yangu. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake waliwapa watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne chuchu ya bandia iliyounganishwa na kipimo. Mtoto akisikia sauti mpya hunyonya kwa kasi, akiizoea hupunguza. Watoto hao walionyesha kutofautisha "ba" na "pa", na mpaka wao ulikaa palepale ulipo wa watu wazima. Kisha Janet Werker na Richard Tees, mwaka 1984 nchini Kanada, wakaonyesha upande wa pili. Watoto wa nyumba za Kiingereza wenye miezi sita mpaka minane waliweza kusikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi walikuwa wameupoteza uwezo huo. Sikio linajifunza kwa kuacha. Linashika tofauti zinazobadili maana nyumbani kwao, na zisizobadili kitu linazifungia nje.

Katika miezi hiyohiyo mtoto anajifunza kukata maneno. Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi usio na mapumziko wala mkazo, kwa dakika mbili tu. Hiyo ilikuwa mwaka 1996. Watoto walitambua ni silabi zipi huandamana daima na zipi zimekutana kwa bahati. Mtoto wa kwetu anasikia ma ikifuatwa na ji mara nyingi mno: maji ya kuoga, maji ya kunywa, maji yamemwagika. Baada ya ji inaweza kuja silabi yoyote. Hapo ndipo anapokata, naye hajaota hata jino la tatu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ya jambo linaloniudhi. Kuna watu wanaochanganya r na l, wakasema kula mahali pa kura, na tunawacheka hadharani, tunawarekodi, tunasambaza. Lugha kadhaa za Kibantu hazina tofauti hiyo. Kikuyu, kwa mfano, hakina l. Kijapani nacho kina sauti moja tu mahali pa hizo mbili, na Wajapani wengi waliojifunza Kiingereza kwa miaka wanaendelea kupata taabu ya kuzitenga kwa sikio. Huyo tunayemcheka hakufanya uvivu darasani. Sikio lake lilifungwa mlango huo akiwa mapajani kwa mama yake, kama langu lilivyofungwa mlango wa paa na paa.

"Nakusikia, ila sikupati"

Kiswahili kimeweka mambo haya yote kwenye kitenzi kimoja. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Mtoto msikivu ni mtiifu. Na tunasema "fulani anasikia Kiswahili ila hakizungumzi", kumaanisha anakielewa. Lakini wazee wana msemo mwingine ambao zamani niliuchukulia kuwa mzaha: "Nakusikia, ila sikupati." Sasa najua kwamba ni maelezo sahihi kabisa ya kinachowapata.

Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu, kuna mrija uliojikunja kama konokono, koklea. Umepangwa chembe zenye vinyweleo, na zile zinazopeleka habari kwenye ubongo ni kama 3,500 tu katika kila sikio. Kila moja ina masafa yake: za mlangoni hupokea sauti nyembamba za juu, za ndani kabisa hupokea nzito za chini. Zikifa hazioti tena. Na kwa uzee zinazotangulia kufa ni za mlangoni, zile za masafa ya juu. Kwa hiyo mzee hubaki na irabu zote, anasikia kabisa kwamba unaongea, na anapoteza s, f, sh, th. Anabaki na tui bila nazi. Ukimpigia kelele unaongeza irabu ambazo hakuzikosa, na konsonanti zinabaki palepale, tena uso wako unakuwa wa hasira. Kinachomsaidia ni kumtazama, kuzima redio, kupunguza kasi kidogo, na kusema sentensi nzima yenye mada inayojulikana badala ya neno moja kavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma.

Mama mkwe alipimwa mwaka jana. Ni hivyo hivyo: masafa ya juu yamepungua, ya chini mazima. Siku ile ya fundi nilikuwa na simu iliyokata s, naye alikuwa na sikio lililoanza kuikata pia.

Suluhisho la tarakimu alilileta mwenyewe. Sita, saba na tisa tumezichukua kwenye Kiarabu, na huko hazifanani kiasi hiki: sitta yao ina t iliyorudiwa, na tisa yao ina ile sauti ya kooni, ain, kabla ya a. Sisi tuliziacha zote mbili, maneno yakawa kama mtu na kivuli chake. Kabla ya hapo tulikuwa na yetu. Saba ilikuwa fungate, ndiyo maana fungate ya maharusi ni siku saba. Na tisa ilikuwa kenda. Wamijikenda wanaibeba mpaka leo katika jina lao, watu wa miji tisa. Nilipomweleza yote haya barazani, aliuliza tu kwa nini basi tusiseme kenda.

Juzi amenipigia kunisomea namba ya muuza mabati. Simu inakatakata, kuna pikipiki inapita upande wake. Sifuri, saba, mbili ... mpaka mwisho: kenda, sita, kenda. Nimeiandika, nikamrudishia mara moja, nikapiga. Akapokea muuza mabati.